Buluu ya Bibi

Siku ambayo mama wa mpenzi wake angekuja nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, yule binti aliamka mapema, akaufuta ukuta wa sebuleni, akaifuta na fremu kubwa iliyotundikwa pale, kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni aitazame kwa macho ya mgeni. Akaridhika. Nyuma ya kioo ilionekana aya ya Zaburi iliyoandikwa kwa mkono, herufi nyeusi zenye mikia mirefu juu ya karatasi nyeupe, zawadi ya mama mkwe mtarajiwa mwenyewe. Nani angeikasirikia Zaburi?

Bibi yake alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha siku zote, uso ameuelekeza kwenye fremu ileile, midomo ikicheza kwa sala. Binti alimpita kwa kunyata. Tangu katikati ya wiki alikuwa akimpita bibi yake kwa kunyata, kama mtu aliyevunja kikombe na hajasema.

Maana nyuma ya ile Zaburi, ndani ya fremu hiyohiyo, alikuwamo mwingine. Alikuwamo Mama wa Yesu katika joho lake la buluu, picha ambayo bibi aliitundika pale enzi za ujana wake na ambayo mbele yake alimlea mjukuu huyu aliyefiwa na mama angali ananyonya. Binti alijifunza kusali akiitazama. Alijifunza pia kulia akiitazama, na kudanganya kwamba hakula sukari. Sasa alikuwa ameifunika kwa mikono yake mwenyewe.

Tumtendee haki, hakuiondoa. Yeye alikuwa fundi wa fremu, mwenye duka lake dogo lenye meza ndefu na harufu ya gundi, na fundi wa fremu ana akili zake. Alijua karatasi kuukuu ikikunjwa inapasuka, na ikisimamishwa kabatini inajikunja kama ulimi. Alijua pia kwamba akiishusha, ukuta utabaki na alama ya mraba mweupe, na mgeni mwenye macho atauliza hapo palikuwa na nini. Mahali salama pa picha kuukuu ni ndani ya fremu yake, imelala kati ya kioo na ubao. Basi akaweka Zaburi juu yake, akabana misumari midogo, akaziba mgongo kwa tepu ya karatasi na gundi, tena akafanya hivyo katikati ya wiki ili gundi ipate muda wa kukauka. Kazi safi. Wateja wangemsifu.

Na hayo yote aliyafanya kwa ajili ya mapenzi.

Mpenzi wake alikuwa mpima macho. Mtaani walimwita Daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Siku ya kwanza aliingia dukani na chati yake ya kupimia, ile ya herufi zinazopungua hadi zinakuwa kama chungu, akataka iwekewe kioo. Binti akasimama upande wa pili wa meza akamwambia aisome yeye kwanza, asije mtu akauziwa miwani na kipofu. Akaisoma mpaka mstari wa mwisho bila kuitazama, maana alikuwa anamtazama yeye. Baada ya hapo alirudi na cheti, akarudi na kalenda, akarudi na ramani ya jicho, hadi kliniki yake ikawa na fremu nyingi kuliko wagonjwa. Siku alipoishiwa vya kuleta alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni akitabasamu. Binti akafunga duka, wakaenda kutembea.

Walipendana kwelikweli. Walichelewa tu kuambiana habari za kuta za nyumbani kwao.

Kwao kijana hapakuwa na picha ya mtakatifu yeyote, wala ya Bwana mwenyewe. Mama yake alikuwa mzee wa kanisa, na katika kanisa lao kuta zilibeba maneno tu. Binti alipomweleza juu ya picha ya bibi, kijana akauliza kwa upole kama bibi anaiomba ile picha.

"Wewe umebeba nini kwenye pochi?" binti akamuuliza.

Akacheka. Alijua alichokuwa anaulizwa. Mle mlikuwa na picha ya marehemu baba yake, imechakaa kwenye kona.

"Hiyo siiombi."

"Lakini unaibusu. Nimekuona."

"Namkumbuka baba."

"Na bibi naye anamkumbuka Mama. Hajawahi kuniambia kwamba karatasi inamsikia."

Kijana hakumbishia. Alimweleza tu kwamba kwa mama yake suala si hoja, ni kidonda. Mama yake alikulia katika nyumba yenye sanamu kwenye kona, na mdogo wake aliposhikwa na homa, watu wazima walizidisha mishumaa na maua mbele ya sanamu ile badala ya kumkimbiza mtoto hospitali. Alifia palepale. Tangu siku hiyo, mwanamke yule hakuweza kukaa chumba kimoja na picha ya namna hiyo, pumzi zilimbana. Mapenzi ya mwanawe yangefia mlangoni kabla chai haijamiminwa.

Wazo la kufunika lilikuwa la kijana. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu lilipohitajika kusemwa halikusemwa. Alikuwa ameshampima bibi macho mara mbili, kwa chati na kwa tochi, akaona kwamba miwani haina tena msaada, kilichobaki ni kutofautisha mwanga na giza. Siku moja dukani alimshika binti mkono juu ya meza ya kazi, akamwambia, "Ni kwa siku moja tu, mpenzi. Mama akishakupenda, mengine tutayasema taratibu. Na bibi haoni. Hata ukimtundikia kalenda hatajua."

Akacheka kidogo alipomaliza, kicheko cha mapenzi, kisicho na ubaya. Na binti naye akacheka. Katika yote aliyokuja kuyajutia, hicho kicheko ndicho kilichomchoma zaidi.

Wageni walifika baada ya ibada, mama, kijana, na mjomba wa kijana, mtu mnene mcheshi aliyeletwa ili mazungumzo yasikwame. Mlangoni wenyeji na wageni walisalimiana kwa pamoja, bibi akisema Tumsifu Yesu Kristo, mama akisema Bwana asifiwe, wakagongana katikati, kila mmoja akasubiri mwenzake ajibu. Mjomba akajibu zote mbili, milele amina na amina, akauliza kama keki anayoinusa ni ya wageni au ya majirani. Wakacheka, wakaingia.

Mama hakuwa yule simba aliyeogopwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba vya mtu anayeandika vizuri, na alipoketi alimwuliza bibi hali ya magoti yake kama mtu anayetaka kweli kujua. Kisha akainua macho akaiona Zaburi ukutani. Akaitazama muda mrefu. Binti, aliyekuwa ameshika birika, alisahau kumimina.

"Umeitundika mahali pa heshima," mama akasema. Sauti ilikuwa imemlainika. "Niliiandika usiku ule mwanangu aliponiambia habari zako. Nilikuwa na hofu, sitakuficha. Sasa naona nilikuwa na hofu ya bure."

Mjomba akasema hofu ya bure humaliza keki, akajisogezea sahani. Kijana alimtazama binti juu ya kikombe chake. Yalikuwa macho yaleyale ya siku ya chati, yamejaa shukrani na furaha, nayo yalimwambia, umeona? Binti alihisi mwili unapata joto. Kwa muda huo mfupi alikuwa mke wa mtu, mkwe wa mtu, na hakuna aliyekuwa ameumia. Laiti saa ingesimama pale.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Waliongea juu ya kazi, juu ya ndugu, juu ya nani angepika siku gani. Mama alifika hata kusema kwamba nyumbani kwake kuna chumba kinachopata jua la asubuhi, bibi akihamia atakipenda. Ndipo bibi alipoweka kikombe chini kwa uangalifu, akikitafutia kisahani kwa kidole, akasema yeye naye ana zawadi.

"Mjukuu wangu, nishushie ile picha."

Binti hakusogea.

"Mama mwenzangu," bibi akaendelea, akiugeuza uso upande alikosikia sauti ya mgeni, "najua ninyi hamsali na picha. Huyu mchumba wetu ameshanieleza, na sina ugomvi. Lakini unanichukulia mtoto, na mimi sina kingine cha thamani. Nakuomba ukae naye huyu Mama wa Bwana wetu. Ukitaka mweke kabatini, usimtundike. Ila nisingependa abaki ukutani kwa mtu asiyemwona."

"Bibi," binti akasema, "tuliache hilo kwanza."

"Ngoja nimalize, nikinyamaza sitarudia." Akavuta pumzi. "Macho yangu yamekwisha, wanangu. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja, ile buluu ya joho lake. Sura yake niliipoteza zamani, lakini buluu ilibaki. Asubuhi nikikaa hapa naiona, kubwa, imetulia, najua kumekucha na sijaachwa. Wiki hii hata hiyo imeondoka. Nimekaa nikaitafuta, nikasogeza kiti, nikafunga jicho moja, nikafunga la pili. Naona weupe tu. Sikumwambia huyu kwa sababu namjua. Angesema haolewi, abaki kunishika mkono."

Binti alikumbuka kile kiti, jinsi wiki ile alivyokikuta mara huku, mara kule, akakirudisha mahali pake akidhani ni wakati wa kufagia. Alikumbuka bibi alivyopungua maneno mezani. Yeye alidhani ni wasiwasi wa harusi.

Kijana alikuwa ameinuka nusu, mkono umeenda mfukoni kwenye tochi yake, kama anavyofanya mpima macho yeyote akisikia maneno kama hayo. Katikati ya kuinuka akaelewa. Alimpima bibi kwa herufi nyeusi na kwa mwanga mweupe, habari ya rangi hakuuliza. Akaketi tena, polepole.

Mama yake alikuwa akiitazama Zaburi, kisha bibi, kisha Zaburi. Alisogea akamshika bibi mkono.

"Bibi," akasema kwa huruma, "pale ukutani hakuna picha. Pana Neno tu. Ni ile Zaburi niliyomwandikia mjukuu wako."

"Hakuna picha?"

"Hakuna, bibi."

Bibi akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa mgeni. Akasema kwa sauti ndogo ambayo mjukuu wake hakuwahi kuisikia, "Basi na akili nayo imekwenda."

Binti alimtazama mpenzi wake. Alimtazama kwa kila alichokuwa nacho, akimwomba bila sauti. Na kijana alimtazama pia, usidhani alikwepa wakati ule. Macho yao yalikutana kabisa, na yeye akatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingeona. Nyamaza. Itapita. Nyamaza.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Wageni wangesema mzee amechanganyikiwa, wangemhurumia, wangeondoka na tarehe ya harusi. Na bibi angeishi miaka iliyobaki akiamini kwamba amekuwa kipofu na punguani katika wiki moja.

Binti akainuka. Aliishusha fremu, akasogeza vikombe, akailaza kifudifudi juu ya meza mbele ya wote. Akatoa koleo lake dogo kwenye mkoba. Akakata tepu aliyoibandika mwenyewe, akapinda misumari mmoja baada ya mwingine, akainua ubao. Mjomba alikuwa ameshika kipande cha keki hewani. Akaipindua karatasi kuukuu juu ya viganja viwili, kama mtu anayebeba mtoto, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi, akaiinua mahali jua la dirishani lilipoingia.

Uso wote wa bibi ukafunguka.

"Hiyo hapo," akasema. "Hiyo hapo buluu yangu."

Alicheka huku machozi yanamshuka, akapapasa hewani hadi akaupata ukingo wa karatasi. Mama wa kijana mwenyewe aligeuza uso. Kisha kicheko cha bibi kikapungua, kikaisha, akabaki ameshika ule ukingo.

"Ulimfunika," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini hukuniambia? Ningemshusha mwenyewe."

Lilikuwa jambo jepesi kama hilo, na hakuna kati ya wapenzi hao wawili, pamoja na elimu yao na mapenzi yao, aliyelifikiria. Hawakumwomba. Walimhesabu kama asiyekuwapo kwa sababu haoni.

Mama wa kijana aliiokota Zaburi yake mezani. Ilikuwa na alama nne ndogo kwenye kona ilipobanwa. Aliishika muda, akiipitishia kidole.

"Mwanangu," akamwambia binti, na hakuinua sauti, "hiyo picha inanitesa, sikatai. Hata sasa nimeipa mgongo, wote mnaona. Lakini ningeikuta ukutani ningesema langu, bibi angesema lake, tungebishana mpaka chai ipoe. Labda ningeondoka nimenuna, labda kesho ningerudi. Mimi ni mtu mzima. Ninyi mmechukua Neno la Mungu mkalifanya pazia. Na mmemfanya bibi huyu aamini amepofuka. Sasa niambie, katika nyumba hii nani amechezea imani, yeye na picha yake, au ninyi?"

Binti aliinamisha kichwa. Kila neno lilikuwa la haki.

"Nani aliliwaza jambo hili?"

Wakati wenyewe ulikuwa huo. Binti aliinua macho akamtazama kijana, si kwa kumshitaki, alimtazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Alimpa nafasi. Angesema neno moja tu, mimi, na lolote ambalo lingefuata wangelibeba pamoja. Mama yake angefoka. Harusi pengine ingeahirishwa. Lakini wangekuwa wawili.

Kijana alitazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu, naye alikitazama kana kwamba kuna kitu chini kinamwambia la kufanya. Binti alisubiri. Aliisikia saa ya ukutani, alimsikia mjomba akimeza.

"Ni mimi," binti akasema.

Na kijana akaliacha neno hilo likae hivyo.

Wageni waliaga kwa heshima, na heshima ile iliuma kuliko matusi. Mama alimkumbatia bibi, akamwambia macho yake yamebaki kama yalivyokuwa, amshukuru Mungu kwa hilo. Mjomba alimpa binti mkono, akataka kufanya mzaha, akauacha, akatoka. Kijana alibaki nyuma hatua mbili. Alinong'ona kwamba atapiga simu. Binti akamfungulia mlango.

Jioni ile aliirudisha picha ndani ya fremu yake peke yake, akaitundika. Mikono yake ilifanya kazi vizuri tu. Bibi hakumkaripia. Aliomba kiti kirudishwe mahali pake pa zamani, basi.

Kijana alipiga simu, hakujibiwa. Alipiga tena na tena. Siku ya nne aliingia dukani mchana, wakati binti anakata kioo, na kwa kuwa kioo hakikatwi nusu, ilimbidi asimame asubiri mpaka mstari ufike mwisho. Alikuwa amekonda kidogo usoni. Binti alimwona na moyo wake, msaliti mkubwa, ukaruka kama zamani.

"Nimemwambia mama," kijana akasema. "Jana. Nimemwambia wazo lilikuwa langu, lote."

"Amesema nini?"

"Amelia. Kisha amenituma." Alitaka kutabasamu, ikamshinda. "Anasema uje nyumbani. Anasema msichana aliyevunja harusi yake mwenyewe ili bibi yake asijione kipofu, huyo ndiye anayemtaka. Na bibi aje na picha yake, ikae chumbani mwake. Yeye mama atajifunza kubisha hodi."

Binti aliweka kisu cha kioo chini. Ajabu ya mambo, kila walichokiogopa kilikuwa kimeondoka. Mama aliyekuwa ukuta alikuwa amegeuka mlango. Miezi yote ile waliota kusikia maneno kama hayo, na sasa yamesemwa, mchana kweupe, dukani kwake, na yeye alitafuta furaha ndani yake akaikosa.

"Mshukuru sana mama," akasema. "Mwambie nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe. Nampenda mama yako."

"Na mimi?"

Alizunguka meza akasimama mbele yake, karibu, akamrekebishia kola ya shati kama alivyozoea. Mkono ulifanya hivyo kabla hajaukataza.

"Siku ile nilikutazama," akasema. "Ulijua ninachokuomba?"

"Nilijua."

"Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa hujui, ningekusamehe kabla hujafika mlangoni."

"Niliogopa. Nilikuwa nimemwona mama anakupenda, nikaogopa kuvunja. Nikasema nitasema kesho. Kama ningesema palepale, ungekuwa wangu?"

"Ningekuwa wako hata kama mama yako angetutupia birika."

Kijana aliufunika uso kwa mikono miwili. Binti alitamani kuitoa mikono ile, aibusu, aseme yaishe. Angeweza. Lakini aliona mbele yao siku nyingine, na nyingine, za ugonjwa na ugomvi na watoto, na katika kila siku aliona wakati fulani ambapo atainua macho kumtafuta, na hatakuwa na hakika.

"Sikuchukii," akamwambia. "Ningekuchukia ningelala. Ila nikikutazama sasa naona kile kikombe."

"Nipe muda."

"Muda chukua. Mimi sina cha kuahidi."

Kijana alisimama kidogo zaidi, akiyatazama yale mazagazaga ya meza, koleo, gundi, vipande vya mbao, kama mtu anayeaga nyumba. Kisha akatoka. Binti alirudi kwenye kioo chake. Alijaribu kukigonga kipasuke kwenye mstari, kikapasuka pembeni. Akafunga duka mapema.

Alimkuta bibi kwenye kiti chake, uso kwenye picha. Alivua viatu akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. Bibi akamwekea mkono kichwani, akaupitisha hadi shavuni, akakuta limelowa.

"Mchumba wetu alikuja?"

"Alikuja, Bibi."

"Amesema lile alilonyamazia?"

Binti akashtuka. "Ulijua kwamba ni yeye?"

"Mke mwenzangu, mimi sioni, lakini siku ile nilisikia mtu akinyamaza." Akaendelea kumpapasa nywele. "Amesema?"

"Amesema. Amechelewa."

Bibi hakumwambia la kumfariji. Wakauelekezea ukuta nyuso zao, wote wawili. Baada ya muda binti aliyabana macho yake mpaka kope zikakaribia kugusana, akitaka kuona bibi anavyoona. Sura ya Mama yule ikapotea, ikapotea mikono, fremu, na ukuta. Ikabaki buluu peke yake, kubwa, imetulia. Ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujizuia, kwa sababu bado alikuwa anampenda.